Utumbo kukaa vibaya: sisi watu wazima mmetusahau

Mhariri,

Makala yenu ya afya imesema kwamba utumbo kukaa vibaya tangu mimba ni ugonjwa wa watoto wachanga. Sentensi hiyo nimeisoma mara mbili, mkono ukiwa juu ya kovu langu. Mimi ni mwalimu wa hisabati na nina miaka 43. Ugonjwa huo niligundulika nao nikiwa na miaka 38.

Ni kweli kwamba wengi wanaougua hujulikana katika mwezi wa kwanza wa maisha. Lakini wengine tunatembea nao miaka nenda rudi, na kwetu hauji kwa kishindo. Tangu shule ya msingi nilikuwa nikimaliza kula tumbo linaninyonga, nachuchumaa magoti yamegusa kifua, natapika, kisha linaachia kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikifika hospitali sina maumivu tena, na mtu asiye na maumivu nani atamwamini? Nilimeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miaka. Nilipoingizwa kamera, tumbo lilikutwa safi, nikaambiwa ni mawazo. Kumbe kamera ile huona ngozi ya ndani ya tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo. Namna utumbo ulivyojilaza haiwezi kuionyesha.

Aliyenitoa gizani ni daktari kijana aliyeuliza swali moja: ukitapika, rangi gani? Nikamjibu, mara nyingi kijani. Akaacha kuandika.

Nilinyweshwa dawa nyeupe, nzito kama chokaa iliyokorogwa, nikapigwa picha huku inashuka. Kwa kawaida njia yake ikitoka tumboni huvuka uti wa mgongo kwenda kushoto, ikapanda. Yangu haikuvuka. Ilishuka upande wa kulia ikizunguka kama skrubu, nami naiona kwenye kioo.

Daktari alinieleza kwa lugha ninayoielewa. Mimba ikiwa na wiki 6 hivi, utumbo hukua kuliko nafasi iliyopo, ukatokeza kwenye kiungamwana, yaani kamba ya kitovu. Kufikia wiki ya 10 huanza kurudi ndani, na katika safari hiyo yote huzunguka nyuzi 270, yaani robo tatu ya duara, kinyume cha mwendo wa saa. Wangu uliishia njiani. Shina linaloushikilia, ambalo lingetandaa kwa upana, likabaki jembamba, utumbo ukawa unaning'inia kama kitu kilichofungwa kwa kamba moja. Ukijisokota, unabana mishipa yake yenyewe ya damu.

Upasuaji niliofanyiwa unaitwa kwa jina la William Ladd, daktari wa Boston aliyeueleza mwaka 1936. Msokoto hufunguliwa, tando zinazobana utumbo hukatwa na shina hupanuliwa. Utumbo haurudishwi mahali pa kawaida: mdogo hulazwa kulia, mpana kushoto. Kidole tumbo nacho kikaondolewa, maana kingebaki upande usio wake na siku kikiuma kingempoteza daktari. Hayo yote nimeyaandika kwenye karatasi iliyomo ndani ya pochi yangu.

Jambo la pili. Habari ya mtoto mchanga kutapika kijani mmeiweka aya ya mwisho kabisa, baada ya maelezo marefu ya vipimo. Hiyo ndiyo ingetangulia! Mtoto mchanga akitapika kijani ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama tumbo lake ni laini na bado ananyonya, kwa sababu utumbo uliokosa damu unaweza kufa ndani ya saa chache. Mimi msokoto wangu ulikuwa ukijifungua wenyewe. Wa mtoto huenda usijifungue.

Naomba mrekebishe sentensi ile, na aya ile ya mwisho muipandishe juu.

Mwalimu wa hisabati
(Jina limehifadhiwa)