Msiigeuze Vita ya Kagera kuwa leseni

Wajukuu zangu mnaosoma sheria na uhusiano wa kimataifa, hamjambo?

Nawasikia kwenye midahalo yenu mkisema kwamba serikali ikiwachinja watu wake, nchi yoyote yenye jeshi ina haki ya kuingia kuwaokoa, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liruhusu lisiruhusu. Ushahidi wenu kila mara ni vita yetu na Idi Amin. Mimi ni mtu wa Kagera, na naomba mnisikilize.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaua raia na kupora ng'ombe, kisha Amin akatangaza kwamba ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Mwalimu Nyerere aliposema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, nchi ilikuwa imevamiwa. Hata jeshi letu lilipoingia Uganda aliendelea kutenganisha vita viwili: sisi tunamrudisha mvamizi, na kumwondoa Amin ni kazi ya Waganda wenyewe. Kusema kweli, bila askari wetu Kampala isingeanguka tarehe 11 Aprili 1979. Nilifurahi siku ile na bado nafurahi. Lakini Mwalimu hakudai kwamba huruma peke yake inampa mtu ruhusa ya kuvuka mpaka wa jirani, nanyi msimsemee.

Julai mwaka huo, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kule Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu. Iliniuma, maana OAU hiyohiyo haikumlaani Amin alipotuvamia. Ila hofu yao ilikuwa ya kweli: leo Tanzania, kesho nani?

Na baada ya ushindi? Lule, rais aliyemfuata Amin, alitawala siku 68 tu. Binaisa aliyempokea naye akaondolewa. Ukaja uchaguzi wa Desemba 1980, matokeo yakapingwa, vita ya msituni ikaanza, na watu wa Luwero wakafa kwa maelfu. Mnapotaja Kagera huwa mnaishia Aprili 1979. Waganda hawakuwa na pa kuishia. Kumng'oa dhalimu kulichukua miezi. Kuijenga upya dola aliyoibomoa hatukuwa na mpango wala fedha, na wananchi wa nchi zote mbili walilipa.

Mnaitaja pia Kosovo, wakati ule jimbo la Serbia. NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilipiga mabomu siku 78 mwaka 1999 bila idhini ya Baraza la Usalama, ikisema inawaokoa watu wa huko, na tume huru ikahukumu kwamba kisheria ilikuwa haramu ingawa kimaadili ilikuwa na haki. Hukumu ile ilihusu kisa kimoja. Lakini Machi 2014 Putin wa Urusi aliitaja Kosovo hiyohiyo alipokuwa akihalalisha kuichukua Crimea kutoka Ukraine.

Msidhani nawaambia mngoje karatasi ya Baraza la Usalama kutoka New York watu wakiteketea. Aprili 1994, mauaji ya Watutsi yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipiga kura kukipunguza kikosi chake Rwanda hadi watu 270 hivi. Kama jirani yeyote angeingia wiki ile kuwaokoa, mimi nisingemuuliza kibali. Ningemtaka tu akiri kwamba amevunja sheria, aeleze kwa nini, na akubali kuhojiwa na wenzake kwa kila alichotenda, pamoja na siku atakayoondoka.

Kazi yenu iko karibu zaidi. Kifungu cha 4(h) cha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, ya mwaka 2000, kinaupa Umoja haki ya kuingia penye mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo liliidhinisha askari 5,000 waende Burundi. Bujumbura ikakataa, na Januari 2016 marais wakarudi nyuma. Chunguzeni kilichowarudisha nyuma: nani alikataa, nani alinyamaza, fedha zingetoka wapi. Mkiisha, ipelekeeni makao ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, hoja yenu, na nakala mniletee niisome.

Babu yenu,
Bukoba