Laki 4 za mganga

Mwanangu,

Huku Pangani tu wazima. Dada yako kaniambia duka umelifunga, hulali wiki ya tatu sasa, na huko Dar umepata mganga anayetaka laki 4 na mbuzi mweusi. Ya duka nimeyapokea. Hizo laki 4 unazitoa wapi? Usiniambie mkopo wa kausha damu.

Sikukatazi tiba za kwetu. Kombe, yale maji ya aya zilizooshwa, nimelinywa tangu mdogo, na bibi yako alipopungwa pepo alipata nafuu ya kweli. Lakini siku zote saba nyumba haikukosa mtu. Aliogeshwa, akafukizwa, akaimbiwa, na pepo akapanda akasema yale ambayo mke hathubutu kumwambia mumewe. Gharama ukoo ulichanga, hakuna aliyekopa. Wewe unafukizwa peke yako chumbani na mtu usiyemjua, ukitoka hapo unadaiwa. Utalala vipi?

Tena nasikia huyo mganga kakutajia shangazi yako kuwa ndiye aliyekufunga. Hiyo ni ramli chonganishi, serikali imeshaipiga marufuku. Mwulize kama Baraza la Tiba Asili linamjua, maana sheria ya kuwasajili ipo tangu 2002. Shangazi aliyekulipia ada! Umesahau upesi, baba.

Nenda Muhimbili, wana madaktari wa afya ya akili. Dawa za kienyeji ulizokunywa watajie zote, usiwafiche. Wewe uliyeanza na kimeza cha vocha ukafika kufungua duka, leo waona haya kunipigia mimi simu?

Ile cherehani haikuibiwa. Baba yako alipopunguzwa kwenye mkonge akawa hali wala hasemi, wakaniambia ana jini, nikaiuza. Yaliyofuata unayajua. Wewe ukaenda shule na sare ya kuazima, nami nikakuacha umshuku jirani. Kwa hiyo usikope. Kama umeshakopa, nambie kiasi gani, sitapiga kelele.

Bati la jikoni linavuja palepale, fundi anasema tungoje masika yapite. Chumba chako nimejaza nazi, lakini nitazitoa, njoo ukae japo mwezi. Nauli atakutumia dada yako. Usiikope nayo.

Mama yako