Mwanangu, wakikufanyia chuki usikae kimya

Mwanangu mpendwa,

Wiki ijayo unahamia kwenye mji wa chuo, na yapo mambo nataka uyapate kwa maandishi ili uweze kuyarudia nisipokuwepo.

Unaikumbuka Agosti 2024 hapa Uingereza. Tarehe 29 Julai watoto wa kike watatu waliuawa kwa kisu kwenye darasa la dansi pale Southport. Wazazi wao hawajazika, mtandaoni ukazushwa uongo kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyeingia kwa boti. Kumbe ni mzaliwa wa Cardiff. Kesho yake msikiti wa Southport ukashambuliwa, na Jumapili ya tarehe 4 Agosti watu wakajaribu kuichoma hoteli karibu na Rotherham huku waomba hifadhi wakiwa ndani. Wiki ile nilikuwa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Sisi weusi, pamoja na wenzetu wanaovaa hijabu, tulikuwa tunasubiriana mlangoni asubuhi ili twende kituo cha basi kwa pamoja.

Ghasia huwa na dalili. Ukiona maduka yanafungwa mchana, mafundi wanapigilia mbao kwenye vioo, magari ya polisi yamepanga foleni, geuka hapo hapo. Usikatize katikati ya kundi la watu eti unafupisha njia. Ukikwama, ingia mahali penye wahudumu na mlango unaofungwa, uwaambie unahofia nini. Na usisimame kurekodi! Anayerekodi wafanya fujo huwavuta wamgeukie yeye. Tena mahakamani walipelekwa hata watu waliojitetea kwamba walikwenda kutazama tu.

Ukiwa hatarini, piga 999. Kama umejificha na huwezi kuongea, usikate simu: sikiliza maelekezo, kohoa au gonga simu kwa kidole, na ukitakiwa kubonyeza 55, bonyeza, utaunganishwa na polisi. Ila ujue 55 haiwaonyeshi ulipo, kwa hiyo jitahidi kunong'ona hata jina la mtaa.

Kuhusu magrupu, usisambaze kitu usichokijua chanzo chake. Tarehe 7 Agosti mwaka ule ilizunguka orodha ya mahali pa kushambuliwa, watu wakafunga ofisi mapema kwa hofu. Jioni yake sehemu nyingi waliojaa barabarani walikuwa maelfu ya watu waliokuja kupinga ubaguzi. Hofu ilikuwa na msingi, sikatai, lakini nenda na taarifa ya polisi wa eneo lako.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko fujo zenyewe, maana fujo huisha. Ni yale ya siku za kawaida: tusi kwenye basi, mate, maandishi mlangoni, mtu kukufuata akikuambia urudi kwenu. Wengi wetu tunameza na kusema "tumezoea". Mimi sikubali uzoee.

Mwenzangu kazini alivutwa hijabu ndani ya basi. Alishuka akitetemeka, akaandika kwenye simu namba ya basi, saa, kituo, nguo za yule mtu na maneno aliyoyatoa, neno kwa neno. Kisha akapiga 101, namba ya polisi kwa yasiyo ya dharura, siku ile ile. Kuwahi kulimsaidia, kwa sababu kamera za mabasi hazitunzi picha milele. Baada ya muda zinafutwa. Alipewa namba ya kumbukumbu, na kila alipopiga tena aliitaja hiyo bila kuanza hadithi upya.

Mwambie polisi waziwazi: "Naamini nimefanyiwa hivi kwa sababu ya rangi yangu," au dini yangu, iwavyo. Sentensi hiyo ina historia. Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa akisubiri basi Eltham, London, mwaka 1993, na uchunguzi wa polisi ukavurugwa vibaya mno. Ripoti ya jaji Macpherson ya mwaka 1999 kuhusu kesi hiyo ndiyo iliyosisitiza kwamba tukio lichukuliwe kuwa la kibaguzi ikiwa aliyetendewa, au mtu mwingine yeyote, analiona hivyo. Kwa hiyo hudaiwi ushahidi wa chuki ndipo uandikwe. Kutafuta ushahidi ni kazi yao, na mahakamani chuki ikithibitika huongeza adhabu. Chuki dhidi ya walemavu, wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia nayo imo humo. Ukimwona mwenzako anatendewa hivyo, toa taarifa na wewe.

Ikitokea kwenye treni, tuma ujumbe kwa 61016, polisi wa reli. Usipotaka kuongea na mtu, tovuti ya True Vision inapokea taarifa kwa maandishi. Ukitaka jina lako lisijulikane kabisa, wapo Crimestoppers, shirika linalopokea taarifa za uhalifu bila kuuliza jina. Utasikia wenye viza wakisema ukienda polisi utafukuzwa nchini. Waambie kutendewa uhalifu na kuuripoti si kosa la mwanafunzi mwenye viza halali.

Usimjibu mtu wa namna hiyo kwa ngumi wala kwa tusi. Najua damu yako inachemka haraka. Ondoka kwanza, andika, piga simu, halafu nipigie mimi, hata kama niko zamu.

Siku utakayochukua kitambulisho chuoni, uliza ni ofisi gani inayopokea taarifa hizi, kisha nitumie jina lake nami niwe nalo.

Mama yako