Mabondia wa kilo 47 nao waandikwe

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu. Kila mkigusa ngumi ni uzito wa juu, mkishuka sana mnaishia uzito wa kati, hapo mmefunga. Bondia wa uzito mdogo kuliko wote, hawa wa pauni 105 yaani kilo 47.6, akigombea ubingwa wa dunia anapata mstari mmoja wa matokeo chini kabisa ya ukurasa. Majuzi mkatoa orodha ya mabondia bora wa muda wote, nimeisoma juu mpaka chini namtafuta Ricardo López, simuoni. Hiyo imeniuma kweli.

Huyu ni Mmexico, wenyewe walimwita Finito. Kaanza ngumi za kulipwa 1985 akiwa kijana wa miaka 18, kapigana mara ya mwisho 2001, na katikati hapo ni mapambano 52, kashinda 51, sare 1, kupigwa hakuna. Kati ya hizo 51, zaidi ya 35 ni KO, yaani mpinzani hakumaliza pambano, sasa wale mnaosema wadogo hawana ngumi mtaniambia nini hapo? Ubingwa wenyewe aliufuata ugenini, Tokyo, Oktoba 1990, kwa bingwa Mjapani Hideyuki Ohashi kwao kabisa, akamaliza kazi raundi ya 5. Mkanda ule wa WBC, moja ya mashirika makubwa ya ngumi duniani, akautetea mara 21. Na hawakuwa vibonde hao aliowapiga manake 1993 alimsimamisha Saman Sorjaturong wa Thailand raundi ya 2 tu, halafu Saman huyohuyo akapanda uzito, mwaka 1995 akaenda kumvua ubingwa Humberto González ambaye dunia nzima ilikuwa inamuogopa.

Uchezaji wake ndo raha yenyewe. Mikono juu, kidevu kimefichwa, miguu haikai vibaya hata sekunde, jebu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, inatoka na kurudi palepale ilipotoka, halafu ukidhani umeshamzoea inakuja apakati, ngumi ya kutokea chini kwenda juu, ya mkono wa kushoto. Kocha anayefundisha vijana akitaka kuonyesha ngumi inavyopigwa kwa usahihi amuwekee mwanafunzi video za huyu bwana, hana haja ya kuongea sana.

Ila pambano ninalolipenda kuliko yote ni lile alilokaribia kupoteza. Machi 1998, Mexico City, kakutana na Rosendo Álvarez wa Nicaragua, naye bingwa, naye hajawahi kupigwa. Raundi ya 2 Álvarez akamuangusha chini, kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kukifanya kwa López tangu aingie ngumi za kulipwa, watu wakashika vichwa. Akaamka, akaendelea, baadaye vichwa vikagongana akachanika, raundi ya 7 ikabidi pambano lisimamishwe, wakahesabu pointi ikatoka sare. Novemba mwaka huohuo wakarudiana Las Vegas, Álvarez kaja kazidi uzito, López angeweza kukataa kupanda ulingoni na hakuna ambaye angemlaumu, lakini akapigana, raundi 12 zote, akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Mimi hapo ndo nilimaliza ubishi wote kuhusu moyo wake.

Najua kuna wanaosema alikaa sana kwenye uzito mmoja, na kweli pambano lake na González tulilisubiri halikuja. Lakini 1999 alipanda uzito akachukua ubingwa wa IBF, shirika jingine, kwa Will Grigsby, akastaafu akiwa bingwa. Tena angalia hilo pambano lake la mwisho, Septemba 2001, Madison Square Garden, kamtoa Zolani Petelo wa Afrika Kusini raundi ya 8. Lilikuwa la utangulizi tu, watu walikuja kuwaona Hopkins na Trinidad, mabondia wa uzito wa kati! Bingwa ambaye hajapigwa miaka 16 anaaga akiwa mtu wa utangulizi, mhariri, na yeye ndo alikuwa na bahati, wengine wanapigana na kustaafu hamna hata aliyejua.

Na kazi yenyewe si nyepesi. Raundi za ubingwa ni 12 za dakika 3, zilezile wanazopiga wa uzito wa juu. Wa uzito wa juu hana kikomo, anakula, anapanda mizani, basi. Huyu wa kilo 47 akiwa na 52 kwa kawaida inabidi atoe kilo 4 na kitu, karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya mwili wake, anajinyima chakula na maji, kesho yake anapigwa kichwani. Hilo peke yake lilitosha makala nzima, watu wajue hatari yake. Halafu mlango wa Olimpiki nao umefungwa kwao, Rio 2016 kulikuwa na kilo 49 kwa wanaume, ila Tokyo uzito wa chini ukawa 52, Paris 51, kwa hiyo kijana mdogo wa mwili atajulikana wapi kabla hajaenda kulipwa?

Wanheng Menayothin wa Thailand alifika ushindi 54 bila kupigwa kabla hajapoteza Novemba 2020, amepita ushindi 50 wa bondia Mmarekani Floyd Mayweather, mkaandika nini? Sawa, wapinzani wake wengi walikuwa wa kawaida, hilo nakubali, lakini mngeliandika hilo basi tubishane tukiwa na habari mkononi. Na sasa hivi kuna Oscar Collazo wa Puerto Rico, Novemba 2024 alimtoa Mthailand anayejiita Knockout CP Freshmart kule Riyadh akaunganisha mikanda ya mashirika ya WBO na WBA, kijana ana mkono wa kushoto mzuri sana.

Ombi langu ni dogo. Orodha ile muirudie López awemo, na Collazo akipanda tena ulingoni mtupe habari kabla ya pambano, anapigana na nani, ana rekodi gani, kapima kilo ngapi, raundi kwa raundi ilikwendaje.

Ni mimi msomaji wenu, mpenzi wa ngumi.