Barua kwa Rehema kutoka Dagenham

Dagenham, Jumapili jioni

Mpendwa Rehema,

Habari za Tanga? Mama anaendeleaje na mguu? Mpe shikamoo yangu.

Umeniuliza, ukipata ile kazi ya uuguzi, utapata wapi pa kukaa na watoto. Njoo huku kwetu Becontree, mtaa wa Dagenham mashariki mwa London, shoga yangu, lakini njoo ukijua.

Mtaa huu ulijengwa na serikali ya jiji la London kati ya 1921 na 1935, kwa ajili ya familia zilizokuwa zikibanana East End, mitaa ya zamani karibu na katikati ya jiji. Nyumba kama 26,000 za matofali, kila moja na choo ndani na bustani. Kiwanda cha magari cha Ford kilipofunguliwa 1931, watu wakapata na kazi karibu. Mzee wa jirani alizaliwa kwenye nyumba anayokaa hadi leo. Aliniambia mama yake alilia siku ya kwanza alipoona bafu, kwa furaha.

Ikaja sheria ya 1980 iliyowaruhusu wapangaji wa halmashauri kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa. Simlaumu aliyenunua, ningekuwa mimi ningenunua. Kinachoniuma ni kwamba zilizouzwa hazikujengwa nyingine za kutosha badala yake, na nyingi zimeishia mikononi mwa watu wanaozipangisha. Hii ninayokaa ni mojawapo. Sebule imekatwa kwa mbao nyembamba ikapatikana chumba cha tatu, na nyuma ya kabati la mwanangu ukungu mweusi unapanda ukutani kila msimu wa baridi. Naufuta kwa jiki kila Jumamosi, naye usiku anakohoa. Mwenye nyumba nimemwandikia mara nne.

Bei za huku ni miongoni mwa za chini kabisa London, ndiyo maana familia changa zinamiminika. Katika wilaya yetu ya Barking and Dagenham, sensa ya 2021 ilihesabu watu 218,900, kutoka 185,900 miaka kumi nyuma, na zaidi ya robo yao ni watoto chini ya miaka 16. Hakuna wilaya nyingine England wala Wales yenye watoto wengi kiasi hicho kwa idadi ya watu wake. Mwaka 2001 Waingereza weupe walikuwa kama 81 katika kila watu 100. Kufikia 2021 walikuwa 31 hivi. Simama getini shuleni saa tisa mchana: Kiyoruba, Kibengali, Kiromania, na mimi namwita wangu kwa Kiswahili, hakuna anayegeuka kunishangaa. Watoto wako hawatajiona wageni hapa, nakuhakikishia.

Sasa sikiliza. Usimpe mtu pesa ya dalali kama tulivyozoea huko. Tangu 2019 mpangaji hatozwi hata senti ya kuonyeshwa nyumba, na amana haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za uwezo wetu. Nyumba usiichukue kwa picha. Sogeza makabati, nusa kona, uliza umeme na gesi vinakula kiasi gani Januari.

Kwa mwezi wa kwanza ukae kwangu, tutazitafuta pamoja siku zangu za mapumziko. Niandikie tarehe ya safari nije kukupokea Heathrow. Na uniletee dagaa wakavu, wale wa Pangani.

Wako,
Mwanaidi