Ile eIF5A uliyoniuliza

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Umeuliza kwa nini kitabu kimoja kinaiweka eIF5A, protini inayosaidia ribosomu (mashine za seli za kutengeneza protini), kwenye kuanza kwa utengenezaji huo, kingine kwenye kurefusha mnyororo wa asidi amino. Jina ndilo linalopotosha. Ile "i" ni ya kuanzisha, nayo ilibaki hata baada ya majaribio ya hamira ya 2009 kuonyesha kwamba inasaidia kurefusha.

Mwaka 2013 ikaonekana pia wapi inahitajika zaidi: penye asidi amino iitwayo prolini, kadhaa mfululizo. Prolini imejifunga pete, haipindiki, kwa hiyo ribosomu hukwama. eIF5A huingia nafasi ya E, upande wa kutokea wa ribosomu, na kunyoosha mkono wake hadi karibu na pale asidi amino zinapounganishwa. Mkono huo ni haipusini, yaani asidi amino ya 51, lisini, iliyoongezewa kipande cha molekuli ndogo iitwayo spemidini. Bila haipusini, hamira haikui.

Ukitaka kuhakikisha kwamba inarefusha, chukua hamira ya kawaida na ile yenye kasoro ya tif51A-1 kwenye jeni ya eIF5A, inayokua kwenye nyuzi 25 na kusimama kwenye 37. Zikuze kwa 25, kisha zipeleke 37 kwa saa mbili. Gawa kila moja mara mbili: nusu tia saikloheksimidi, dawa inayogandisha ribosomu kwenye mRNA (nakala ya maelekezo ya protini), mikrogramu 100 kwa mililita, nusu usitie. Vunja seli kwa shanga za kioo kwenye barafu, mimina juu ya sukrosi ya asilimia 10 hadi 50, zungusha kwa kasi kubwa, soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 254.

Bila dawa, hamira ya kawaida hupoteza polisomu (ribosomu kadhaa kwenye mRNA moja): ribosomu zimemaliza safari. Yenye kasoro hubaki nazo. Ni kama daladala: zisipotoka stendi, barabara hubaki tupu, ukikuta foleni, tatizo liko njiani.

Angalia mambo mawili. Bafa ya kuvunjia ile nusu ya pili isiwe na dawa, wengi husahau. Na vaa glavu mpya: ribonyukliesi ya vidoleni hukata mRNA, polisomu zikaporomoka, nawe ukadhani kasoro iko kwenye kuanza. Magnesiamu ikipungua, hata ribosomu zenyewe huachana vipande viwili.

Nisalimie mama. Mwambie hamira yake ya maandazi ni kiumbe kilekile.

Dada yako