Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa uchukuzi wa kaunti: nauli ya wanangu imeishia njiani

Mheshimiwa,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta salama, na mkavu. Nasema mkavu kwa sababu mvua hii ya masika haikumbakisha mtu huku Malindi, ila wenye gari zao.

Mimi ni mama muuza mahamri na mbaazi. Nakaa Msabaha, wanangu wawili wanasoma mjini. Tulihama mtaa wa Maweni, huko mjini, kodi iliponishinda, skuli sikuwahamisha. Labda hunikumbuki, lakini tumeshaonana. Ulipokuja kwenye baraza mwezi wa pili ulisimama na kipaza sauti ukasema mtoto wa skuli atakuwa na nauli yake, na nauli hiyo itaandikwa kwenye kibao, kila gari na kila stegi, asiweko wa kuuliza wala wa kubishana. Ukasema wiki mbili. Watu wakakupigia makofi. Mimi nilipiga vigelegele, Mheshimiwa, na leo naona haya kwamba nilivipiga.

Acha nikueleze ya Jumanne.

Binti yangu ana miaka tisa, mdogo wake sita. Kila asubuhi nawafungia nauli ya kurudi kwenye ncha ya kitambaa cha binti, mafundo mawili: sarafu ya 20 na ya 10 kwa kila mmoja. Tangu zitoke hizi sarafu za wanyama mwaka wa 2018, watoto wa huku nauli wanaihesabu kwa wanyama. Ndovu na simba, umefika Msabaha. Noti siwapi kabisa, maana konda huipokea akasema "chenji nitakupa mbele," na hiyo mbele mtoto huishukia bila chenji. M-Pesa ndiyo imetuokoa sisi watu wazima na ugomvi wa chenji, lakini mtoto wa miaka tisa simu ataitoa wapi?

Basi Jumanne wametoka saa tisa unusu, mvua ishaanza. Gari ya kwanza konda aliona sare akatazama juu kama aliyeitwa na malaika. Ya pili vilevile. Ya tatu ikawachukua, konda akapokea ndovu wawili na simba wawili, akawasukuma nyuma. Walipopita uwanja wa ndege akageuka akawaambia leo mvua, mtoto ni hamsini. Binti akamwambia mama ametupa thelathini thelathini. Unajua alimjibu nini? "Basi nauli yenu imeishia hapa." Akagonga bodi mara mbili, gari ikasimama, wakashuka.

Pale, Mheshimiwa, hakuna stegi. Kuna barabara ya Mombasa na malori ya chumvi yanayotoka Gongoni, yakipita kwenye maji yanakumwagia bahari nzima. Walitembea viatu mkononi. Mama mmoja muuza madafu, Mungu amzidishie, akawaingiza chini ya nailoni yake akaniita kwa simu. Mimi niko nyumbani natia mbaazi kwenye sufuria, najua wanangu wako kwenye gari. Nimewafikia adhana ya Magharibi inalia. Mdogo alikuwa amelala amesimama, ameegemea dada yake. Binti hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, kwani thelathini ilikuwa kidogo?" Mbaazi ziliungua. Sitakudai mbaazi.

Sasa nisije nikaonekana namtwika konda peke yake. Naye ana tajiri anayemngoja jioni na hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta nayo bei hutangazwa kila tarehe 14, yakipanda basi alfajiri ya 15 nauli ishapanda. Yakishuka, makonda wote huwa hawakusikiliza redio siku hiyo. Na gari ni abiria 14 tangu zile sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Nadhani konda akiona sare anaona kiti kilichoharibika. Lakini hebu tuhesabu pamoja, mimi ni mtu wa kuhesabu mahamri. Watoto huwakalisha watatu kwenye viti viwili. Watatu mara thelathini ni tisini. Watu wazima wawili mara hamsini ni mia. Tofauti ni shilingi kumi. Simba mmoja. Kwa simba mmoja mtoto anaachwa barabarani?

Na huyo wa kupakatwa, asiyetakiwa kulipa, siku hizi wengine humtoza wakisema ana magoti marefu. Hilo niliache, nitalia bure.

Nilikwenda ofisini kwenu Jumatano. Niliketi tangu saa mbili mpaka adhuhuri, kisha kijana mmoja mwenye tai, mpole kwelikweli, akaniambia nauli si kazi ya kaunti, kila sacco, yaani chama cha wenye matatu, inajipangia, nijaribu NTSA, ile mamlaka ya taifa ya usalama barabarani. Nikashukuru nikarudi. Jioni mwanangu mkubwa wa sekondari akaniletea Katiba kwenye simu, Jedwali la Nne, kazi za kaunti. Imeandikwa usafiri wa umma barabarani, tena kabla ya feri na bandari. Sasa mimi si wakili. Huenda kweli bei hamna uwezo wa kuipanga. Lakini stegi ni yenu, na ushuru wa stegi mnaukusanya kila siku, sijasikia mmeambiwa muulize NTSA.

Ndugu yangu yuko Dar es Salaam. Huko LATRA, mamlaka yao ya usafiri wa ardhini, ikitangaza nauli za daladala, ya mwanafunzi hutajwa kando, na kila konda anaijua. Sisemi huko ni peponi. Ananiambia wanafunzi huachwa stendi vilevile, konda akidai gari imejaa. Ila hakuna anayemshusha mtoto kati ya njia akisema bei imebadilika na mawingu. Bei yake inajulikana, basi.

Wazee wanasema matatu ilipata jina lake kwa nauli, zile sarafu tatu za senti kumi. Gari iliyopewa jina la nauli yake, leo nauli yake haijulikani mpaka uingie. Na msiniambie kuandika ni kazi ngumu. Serikali ilipotaka mstari wa manjano mwaka ule wa 2004, uliingia kwenye matatu za nchi nzima, mpaka zile zilizokuwa zikisukumwa ndiyo ziwake. Mstari ungalipo. Kibao ndicho kilichokosa nafasi?

Nilitaka kukuomba mengi. Nilitaka huyo konda atafutwe, nilitaka watoto wapewe kadi, nilitaka askari wa kaunti asimame stegi saa tisa unusu badala ya kufukuzana na sisi wauza mahamri. Nimeyafuta yote. Naomba kibao. "Mtoto wa skuli, shilingi kadhaa, mvua na jua." Hiyo kadhaa jazeni nyinyi na sacco, hata mkisema arobaini nitazitafuta. Nataka tu mwanangu aweze kuinyoshea kidole.

Na kama bajeti haikutosha, naelewa, nchi ina mambo. Ubao nimeshaupata, ni mlango wa kabati letu la zamani. Jirani yangu anaandika majina kwenye tuktuk, amekubali kuuandika kwa sahani ya mahamri. Misumari ninayo. Nguzo ya stegi ndiyo yenu, na sitaki kushtakiwa kwa kuharibu mali ya umma. Nipe ruhusa ya kugongomea.

Mama wa watoto watatu,
Msabaha, Malindi